Mama anakunywa glukosi apate nguvu, mbona anazidi kudhoofika?

Shikamoo Mama Mshauri, pole na kazi. Naandika kutoka Muheza, mkoani Tanga. Nina mume na watoto watatu, wa mwisho ana miezi miwili. Mama yangu mzazi, mwenye miaka 57, alikuja kwangu nilipojifungua ili anisaidie kulea. Sasa mimi ndiye ninayemwangalia yeye.

Mama yangu ni mtu wa shamba na hakuwahi kuwa mvivu. Lakini tangu mwishoni mwa mwaka jana amekuwa mtu wa kuchoka. Akifagia uwanja anakaa chini kabla hajafika nusu. Gauni lake la Idi lililokuwa likimbana sasa linampwaya, na kula anakula vizuri tu. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam alipoelezwa akasema mama ameishiwa nguvu, akaanza kumtumia makopo ya glukosi kwa basi. Mama anakoroga vijiko vitatu vya chakula kwenye glasi ya maji, asubuhi, mchana na jioni. Akishakunywa anasema mwili umeamka, lakini haipiti muda yuko kitandani tena.

Kiu nayo haimwishi. Jagi la maji analimaliza peke yake, na usiku anaamka mara nne au tano kukojoa. Choo chetu kiko nje, kwa hiyo tumemwekea ndoo chumbani. Asubuhi nikienda kuimwaga nakuta sisimizi wameizunguka. Nilidhani anamwaga glukosi yake sakafuni, nikawa napiga deki kila siku, lakini wanarudi palepale.

Kilichonifanya niandike hasa ni mtoto. Juzi nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mama anamnywesha glukosi kwa kijiko. Anasema mtoto analia kwa sababu maziwa yangu hayamtoshi, na kwamba sisi sote tulikuzwa hivyo. Nikamwambia nesi alisema maziwa ya mama peke yake. Akaniuliza, "Kwa hiyo mimi nimeua wangapi?" Nikanyamaza, nikaona nimemvunjia heshima. Jirani yetu mwenye duka naye akamuunga mkono: glukosi si sukari, ni dawa, ndiyo maana hospitali wagonjwa hutundikiwa dripu yake, na mwili wenyewe unaishi kwa glukosi.

Naomba unieleze, Mama. Glukosi ni sukari au ni dawa? Inamfaa mtoto? Na nimwambieje mama yangu bila kumuumiza?

Binti wa Muheza

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto.

Maswali yako matatu nitayajibu yote, ila kuna jambo umelitaja kwa kupita ambalo ndilo la haraka kuliko yote: hao sisimizi kwenye ndoo. Acha kupiga deki. Mpeleke mama akapimwe sukari, kesho asubuhi.

Mtu mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa usiku kucha, anayekonda huku anakula, anayechoka bila kazi, na mkojo wake unavuta sisimizi, huyo achukuliwe kuwa ana kisukari mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Kipimo chenyewe ni tone la damu la kidoleni, na jibu linatoka papo hapo. Kama zahanati ya kwenu imeishiwa vijiti vya mashine, nendeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya, msirudi nyumbani. Ni vizuri apimwe kabla hajala chochote. Mtu mzima mwenye afya asubuhi husoma chini ya 5.6, hizo ni milimoli kwa lita, namba zinazotumika kwenye vituo vyetu. Akisoma 7 au zaidi akiwa hajala, hicho ni kiwango cha kisukari, na mara nyingi wataomba kurudia kipimo ili kuthibitisha. Kama ameshakula, 11.1 au zaidi pamoja na dalili ulizoniandikia inatosha. Mashine ikionyesha herufi HI badala ya namba, maana yake sukari imepanda kupita uwezo wake wa kusoma, na hapo ni hospitali moja kwa moja.

Na kama kabla ya kesho mama ataanza kutapika, kuumwa tumbo, kuhema haraka na kwa kina, au kusinziasinzia na kuongea maneno yasiyoeleweka, tafuteni usafiri usiku huohuo. Glukosi aiache leo. Kiu yake aikate kwa maji matupu, anywe kadiri anavyotaka.

Sasa jirani yenu. Amesema mambo mawili ya kweli, kisha akatoa hitimisho lisilo sahihi. Ni kweli mwili unaishi kwa glukosi, na ni kweli hospitali wanaitundika. Lakini glukosi ni sukari, tena ndiyo ileile inayopimwa kwenye damu ya mgonjwa wa kisukari. Ile poda nyeupe ya kopo hutengenezwa kiwandani kutokana na wanga, mara nyingi wa mahindi, ambao hukatwakatwa kwa vimeng'enya mpaka unabaki sukari tupu. Jambo hili limejulikana zamani: mwaka 1811 mkemia Gottlieb Kirchhoff, akiwa St. Petersburg, alichemsha wanga na asidi akapata sharubati tamu. Leo sukari hiyo inaingia kwenye pipi, biskuti, mikate na vinywaji vingi. Geuza kopo usome viungo. Ukikuta limeandikwa dekstrosi, ni kitu hichohicho. Mengine huongezewa vitamini au kalsiamu kidogo, na hilo haliigeuzi sukari kuwa dawa.

Najua kwa nini watu huiona tofauti na sukari ya chai. Kwanza haina utamu mkali. Utamu wake ni kama robo tatu tu ya sukari ya mezani, kwa hiyo mtu anaongeza kijiko bila kushtuka. Pili, ukiweka poda yake ulimini unasikia ubaridi. Ubaridi huo unatokea kwa sababu inapoyeyuka huchukua joto la ulimi, basi. Watu wengi wanausikia wakadhani ni dawa inaingia mwilini.

Nenda nayo taratibu hapa, maana ndipo utakapopata maneno ya kumweleza mama. Wanga wote tunaokula, ugali, wali, muhogo, viazi, ni glukosi nyinginyingi zilizotungwa pamoja kama shanga kwenye uzi. Kinywani na tumboni uzi unakatwa, glukosi moja moja zinaingia kwenye damu. Hata mtu ambaye hajawahi kuona kopo la glukosi dukani anaitengeneza kila siku kutokana na sahani yake. Ubongo pekee hutumia karibu gramu 120 kwa siku, na chembe nyekundu za damu hazina chakula kingine isipokuwa hiyo. Ikizidi, ini huhifadhi kama gramu 100 na misuli huhifadhi zaidi ya hapo, ili usiku tukiwa tumelala ini lirudishe kidogokidogo kwenye damu. Ndiyo maana mtu mwenye afya aliyekula ugali wake jioni haamki asubuhi akiwa ameishiwa glukosi.

Kinachonitia hofu kwa mama ni vipimo. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kama lita tano hivi, ina glukosi isiyozidi kijiko kimoja cha chai, karibu gramu 5. Mwili unakilinda kiwango hicho kwa makini sana. Vijiko vitatu vya chakula kwenye glasi moja ni gramu 30 na zaidi, mara sita ya glukosi yote iliyomo kwenye damu, tena haina uzi wa kukatwa. Inaingia mara moja. Wataalamu wanaopima jinsi vyakula vinavyopandisha sukari ya damu wameiweka glukosi kuwa kipimo chao, wakaipa 100, na vyakula vingine hulinganishwa nayo. Kwa siku mama anafikisha gramu 90 au zaidi kutoka kwenye kopo peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Hapo tunazungumzia mtu mzima wa afya.

Mwenye kisukari hali yake ni mbaya zaidi. Ili glukosi itoke kwenye damu iingie kwenye misuli inahitaji insulini, homoni inayotoka kongosho. Kwenye kisukari cha ukubwani insulini huwa haitoshi, au mwili hauitikii inavyotakiwa. Glukosi inajaa kwenye damu huku misuli ina njaa. Mtu anachoka akiwa na sukari nyingi kuliko jirani zake wote. Ikipita takribani milimoli 10 kwa lita, figo hazimudu kuirudisha yote, sukari inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji mengi pamoja nayo. Hapo ndipo kukojoa kunapoanza, kisha kiu, na sisimizi wanaifuata sukari iliyotoka. Mwili usiopata sukari yake unaanza kula mafuta na nyama yake wenyewe, gauni linapwaya. Kisha mama anaikata ile kiu kwa glasi nyingine ya glukosi.

Anaposema mwili umeamka, ninamwamini. Mtu aliyekaukiwa maji akinywa glasi nzima lazima asikie nafuu. Maji ndiyo yanayompa nafuu hiyo, na sukari iliyomo inakuja kumrudisha kitandani.

Kuhusu dripu, hili nalisikia kila mara: mtu anaenda hospitali anaomba atundikiwe maji ya nguvu. Chupa ya lita moja ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, haifikii hata nishati ya sahani moja ya ugali na maharage. Wahudumu huitundika kwa sababu maalumu: mgonjwa hawezi kula, au sukari yake imeshuka, jambo linalotokea sana kwa watoto wenye malaria kali, na huko inaokoa maisha kwelikweli. Lakini wanapima kwanza, wanajua wanampa nani, kiasi gani na kwa nini. Mama anakunywa nyumbani bila kipimo hata kimoja.

Kazi nyingine kubwa ya glukosi imo kwenye pakiti za ORS mnazopewa kliniki mtoto akiharisha. Mchanganyiko wa sasa una gramu 13.5 za glukosi kwa lita moja ya maji, pamoja na chumvi zilizopimwa. Kwenye ukuta wa utumbo, glukosi na chumvi hupitishwa pamoja, na maji huzifuata. Ndiyo maana kipimo kile hakichezewi. Glukosi ya kopo iliyokorogwa nzito, bila chumvi, huvuta maji kuja tumboni na inaweza kuzidisha kuhara. Watoto wako wakubwa wakiharisha, ni ORS na vidonge vya zinki kutoka kituoni. Kopo libaki kabatini. Huyu mdogo akiharisha, unaendelea kumnyonyesha na unampeleka kituoni siku hiyohiyo.

Tuje kwa mtoto. Nesi wako amesema kweli: mpaka atimize miezi sita, maziwa yako peke yake, hata maji hapana. Maziwa ya mama yana sukari yake tayari, inaitwa laktosi, kama gramu 7 katika kila mililita 100, na tumboni mwa mtoto inakatwa kuwa glukosi na sukari nyingine inayoitwa galaktosi. Ndani yake kuna pia mafuta, protini na kinga ambavyo kopo halina. Tumbo lake ni dogo. Kijiko cha glukosi kinachukua nafasi ya maziwa, anashiba utamu, ananyonya kidogo, na titi lisilonyonywa vizuri hupunguza kutoa. Baada ya wiki chache maziwa yatakuwa hayatoshi kweli, na kila mtu atasema mama alikuwa sahihi. Ongeza hapo maji na kijiko visivyochemshwa. Glukosi ikitolewa kwa mtoto mchanga hospitalini, ni kwa sababu wamepima wakakuta sukari imeshuka au hawezi kunyonya, na wanamwangalia saa zote.

Mtoto wa miezi miwili hulia kwa mambo mengi: usingizi, joto, nepi, kutaka kubebwa. Ukitaka kujua kama maziwa yanamtosha, angalia nepi, awe anakojoa angalau mara sita kwa siku, na angalia mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki. Ukipanda vizuri, anashiba. Usipopanda, mwonyeshe nesi akutazame unavyomweka titini. Mara nyingi tatizo liko kwenye kushika chuchu tu, na linarekebishika.

Sasa jinsi ya kumwambia. Usianze na glukosi, na usianze na mtoto. Ukianza na mtoto anasikia kwamba hakujua kulea, na mzazi aliyewakuza ninyi nyote hawezi kulipokea hilo kutoka kwa binti yake. Anza na yeye mwenyewe. Kaa naye jioni mkiwa wawili, mwambie: "Mama, hii kiu yako na kuamka usiku vinaninyima usingizi. Naomba kesho tuongozane ukapimwe, nitulie." Hakuna mama anayeona amedharauliwa kwa kuombwa hivyo. Kopo mwende nalo. Mwambie mhudumu mbele yake, kwa adabu, "Mama amekuwa akitumia hii, mara tatu kwa siku," kisha nyamaza. Acha mhudumu aseme. Swali la mtoto uliza hapohapo, ili jibu litoke kwa mwingine, wewe na mama mkiwa mmekaa upande mmoja wa meza.

Na lile swali lake la ameua wangapi lina jibu la heshima: hakuna, mama, ulitukuza kwa uliyokuwa nayo, na leo wamejua zaidi. Kisha mwachie mtoto amwogeshe, amkande, amwimbie. Bibi anayelishwa maneno ya "usifanye hivi" kutwa bila kupewa kazi atajitafutia kazi, na kopo liko karibu.

Kaka yako mpigie simu wewe kabla mama hajampigia. Anatuma glukosi kwa mapenzi na hajui. Mwambie pesa ile ile anunue mashine ya kupimia na vijiti vyake kama mama atakutwa na kisukari, au atume ya dagaa, mayai na maharage.

Kama sukari itasoma sawa, msirudi nyumbani mkafurahi. Kuchoka na kukonda kwa miezi kuna sababu nyingine: upungufu wa damu, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, tezi ya shingo. Ombeni vipimo hivyo. Hata sukari ikiwa juu, aulizwe kuhusu kikohozi na jasho la usiku, kwa sababu kisukari na kifua kikuu hupenda kuandamana. Apimwe na presha, na atazamwe macho na miguu.

Ugali hatakatazwa. Atapunguziwa, nao uwe wa dona ikiwezekana, na sahani ijazwe mboga za majani, maharage au samaki. Kinachoondoka ni soda, juisi za kopo na sukari ya chai.

Akianzishiwa dawa, muulize daktari swali moja mahsusi: dawa hii inaweza kushusha sukari kupita kiasi? Insulini zinaweza, na baadhi ya vidonge pia, hasa asipokula kwa wakati. Akisema ndiyo, kopo la kaka yako lirudishe nyumbani, liwekwe mahali mnapopajua wote, mbali na mtoto. Siku mama akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, mpimeni. Ikiwa chini ya 3.9, au kama hamna mashine karibu, koroga gramu 15 za glukosi, kama kijiko kimoja na nusu cha chakula, anywe, subirini dakika 15 mpime tena. Isipopanda, rudieni. Ikishapanda ale chakula chake. Akiwa amezimia au hawezi kumeza, msimmiminie kitu mdomoni; mlazeni ubavu mkimbilie hospitali.

Niandikie mkishapata namba, na jina la dawa kama atapewa.